Siku Mjukuu Wangu Alipotulia

Mwalimu wa mjukuu wangu aliniita shuleni akanitajia herufi nne za Kizungu, kama mtu anayesoma namba ya gari lililogonga mbuzi. Mtoto hatulii, akasema. Anamalizia maneno ya wenzake, kazi yake hamalizi. Apelekwe hospitali ya rufaa akapimwe.

"Bila karatasi ya hospitali, bibi, muhula ujao sitampokea. Nina watoto tisini."

"Na hao themanini na tisa wanatulia?"

"Wanatulia nikiwatazama."

Mimi niliishia darasa la tatu. Yaliyobaki nilifundishwa na dagaa niliouza sokoni Mwaloni, na nyumba yangu ya matofali haikujengwa na herufi nne. Lakini niliapa kwamba huyu hafukuzwi shule.

Sasa, hospitali ya rufaa huingii kama unaingia dukani. Unaanzia kituo cha afya cha mtaani, tabibu akuandikie barua ya rufaa. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kwetu mtu hapeleki aibu ya nyumbani mbele ya ofisi bila kuifua na kuipiga pasi. Nilimsugua mtoto mpaka akang'aa, nikamvisha gauni la kanisani na soksi nyeupe, nikamwambia akitikisika tu mbele ya daktari, Jumamosi haendi Kigongo kuona daraja.

Tabibu alikuwa kijana, ndevu zake bado zinajaribu. Akaniamkia, nikaitikia. Mjukuu wangu akampigia goti la kumtosha mkuu wa mkoa.

"Shuleni anaendeleaje?"

"Vizuri sana," nikasema.

"Na nyumbani?"

"Ana adabu. Ukoo wetu wote una adabu."

Mtoto alikaa mikono magotini, kama picha ya kitambulisho. Tabibu akaweka kalamu chini.

"Bibi, mtoto mtulivu namna hii nimwandikie rufaa ya nini? Watanicheka huko. Anayefuata!"

Nimegombana na madalali, nimegombana na mabwana afya, na hakuna hata mmoja aliyenisikia nikisema nimekosea. Nikaitazama karatasi ya rufaa mezani pake, bado tupu. Ndiyo ilikuwa shule yenyewe ya mtoto.

"Mwanangu, nimekosea," nikasema, na mdomo uliniuma. "Huyu nimemtishia." Nikamgeukia mtoto. "Mke mwenza, Kigongo utaenda. Jiachie."

Alipanda mzani, akashuka, akauliza kwa nini herufi za ukutani zinakonda kadiri zinavyoshuka. Kabla hajajibiwa alishafungua bomba. Tabibu anakimbilia bomba, yeye yuko mezani anagonga muhuri wa serikali kwenye soksi yake nyeupe.

"Bibi, mshike!"

"Mshike wewe uliyesoma."

Tabibu akaandika haraka, mkono mmoja kalamu, mwingine umekumbatia muhuri. Katikati akasimama. "Kwenye ukoo kuna mwingine wa hivi?"

Ndipo nilipogundua kwamba niko mlangoni, nimesimama. Tangu tuingie nilikuwa nimekaa na kusimama sijui mara ngapi, na pazia lake nilishalikunja nusu.

"Andika bibi yake," nikasema. "Aliishia darasa la tatu."

Akanitazama, akaachia muhuri ili aandike vizuri. Alipoinua kalamu, mjukuu wangu alikuwa ameshaigongea barua muhuri uliopinduka, miguu juu kichwa chini. Nikaichukua hivyo hivyo, wino haujakauka. Muhuri ni muhuri.