Kilichookotwa Hutangazwa

Waraka wa majira ya baridi ulibandikwa Jumatatu, wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa. Shemsa aliukuta ukutani karibu na ofisi alipokuwa akimalizia kudeki ukumbi. Akaliegemeza dekio, akavaa miwani, akausoma kwa kidole. Kila mtoto aje na koti, kofia na glavu, vyote viandikwe jina. Lango litafungwa saa tatu kasorobo bila huruma. Theluji ikianguka usiku, wazazi watapata ujumbe kabla ya saa moja asubuhi, wasipige simu shuleni. Vitafunio vya sherehe visiwe na karanga. Mtoto aliyetapika akae nyumbani siku mbili. Kila mwaka ni yale yale, kinachobadilika ni mchoro wa mtu wa theluji pembeni. Alipofika agizo la nane alirudi nyuma akalisoma tena: nguo zote zilizookotwa shuleni ambazo wenyewe hawatakuwa wamezichukua hadi Ijumaa saa tisa na nusu zitapelekwa na gari la matambara, lile linalokusanya nguo kuukuu.

Nguo hizo zilikuwa thelathini na saba, na hakuna hata moja ambayo Shemsa hakuiokota kwa mkono wake.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Wete, Pemba, na miaka kumi na mmoja sasa alikuwa msafishaji wa shule hiyo ya msingi ya Handsworth, Birmingham, Uingereza. Alfajiri alishuka Soho Road maduka yangali yamefungwa, akaingia shuleni saa kumi na moja na nusu, akatoka saa mbili na nusu. Mchana akarudi watoto wakishaondoka. Mumewe alikufa mtoto wao Azizi akiwa darasa la pili, akamlea peke yake mpaka kijana akapata kazi yake na chumba chake. Walimu walimsifu kwa upole. Upole hakuwa nao. Alikuwa na maneno machache, na watu huchanganya mambo hayo mawili.

Alipokuwa na miaka tisa aliokota hereni ya dhahabu njiani, akitoka chuoni na msahafu wake. Bibi yake hakumpongeza wala hakumgombeza. Alimpeleka mlangoni mwa soko, akamsimamisha, akamwambia atangaze kuwa limeokotwa pambo. Asiseme hereni, aseme pambo tu. Ukitaja kitu na alama zake zote, mwongo atatangulia kuliko mwenyewe. Taja nusu, mwenyewe atakuja na nusu iliyobaki. Na kitu cha thamani hutangazwa mwaka mzima, ndipo uanze kufikiri ukifanyeje. Shemsa alitangaza kila siku ya soko, uso umemwiva kwa haya. Mwezi wa saba wa kutangaza akatokea mwanamke kutoka Konde, akasema ni hereni, kulabu yake imepinda na kijiwe kimoja hakipo. Alipewa, akaondoka, asante yenyewe ameisema nusunusu. Shemsa alinuna njia nzima. "Kachukua chake," bibi alimwambia. "Ulitaka akushukuru kwa kuwa hukumwibia?"

Ndiyo sababu pale shuleni hakuzitupa nguo katika lile kasha la plastiki walilompa. Alizitundika kwenye viango vya ujia wa nyuma, karibu na chumba cha boila, zikauke vizuri, na kila moja aliiandika katika daftari: imeokotwa wapi, siku gani, ina alama gani.

Akaenda ofisini. Karani alikuwa Surinder, Singasinga wa Kisumu, aliyeletwa Birmingham akiwa msichana wa miaka kumi na nne na Kiswahili chake hakukiacha uwanja wa ndege.

"Surinder, hili la nane nani kaliandika?"

"Mimi niliandika, lakini si mimi nilisema." Surinder hakuinua macho kwenye kompyuta. "Mama Azizi, usinianzie. Hata chai sijakunywa."

"Wazazi huja kuzitazama saa ngapi?"

"Saa tano mpaka saa sita. Na lazima wapige simu kwanza. Ni mambo ya usalama, watu hawawezi ingia tu huko nyuma kama soko."

"Saa tano nani yuko macho na yuko huru, bibie?"

"Mimi najua? Wengine wako kwa warehouse, wengine wametoka night shift, wamelala."

"Basi unajua."

Surinder akatazama mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Muulize mwenyewe. Mimi nimebakisha miaka miwili ya pensheni."

Mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu, Mwingereza mwenye haraka, ambaye hata akisimama ungedhani anakwenda. Alimsikiliza Shemsa akiwa mlangoni, funguo za gari mkononi. Gari la matambara limekwishaagizwa, alisema. Ujia ule ni njia ya kutokea moto ukiwaka, usijazwe nguo. Tena wazazi wameambiwa tangu Septemba waandike majina, na nguo isiyo na jina shule haiwezi kuijua.

Shemsa alikuwa amekuja na koti moja mkononi. Akaigeuza shingo ya koti. "Hili lina majina matatu. Rupesh, limekatwa. Salat, limekatwa. Minal."

"Minal ameshahama."

"Naam."

"Basi si la mtu."

"Ni la wa nne," alisema Shemsa.

Mwalimu mkuu alitabasamu kama mtu anayefunga mlango polepole, akasema Ijumaa ni Ijumaa.

Jumatano Shemsa alikuja na kamba ya kuanikia. Saa mbili na nusu alisaini kuwa ametoka kazini, akavaa koti lake na mtandio wa sufu, akatoka nje ya lango. Kwenye njia ya wapita kwa miguu akaifunga kamba kwenye uzio wa vyuma, nguzo hadi nguzo, akazitundika nguo zote thelathini na saba, zipu na vifungo vimefungwa hadi shingoni, mifuko imegeuziwa uzioni, alama zisionekane. Kulikuwa na giza la kijivu bado, na baridi ile inayoingilia vidoleni. Akafungua daftari. 

"Limeokotwa koti," alisema kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili. "Limeokotwa siku ya mvua, ukumbini. Mwenyewe aseme alama."

Watu wakapunguza mwendo. Hibo, mama wa Kisomali mwenye pacha, akasimama akasikiliza, akageuka na kuwatafsiria wenzake, kwa sauti kubwa kuliko ya Shemsa.

Baba mmoja akanyoosha kidole. "Lile jeusi letu."

"Alama?"

"Alama gani tena? Jeusi."

"Weusi nauona hata mimi."

Waliokuwa karibu wakacheka. Binti yake akamvuta mkono, akasema kwa Kiingereza, kwa aibu, kwamba pindo la mkono wa kushoto amelitafuna. Shemsa akaukunjua mkono wa koti. Pindo lilikuwa limetafunwa kama limepitiwa na mbuzi. "Lako, mwanangu," akasema, "na ukishalivaa ule chakula." Baba alilipokea akicheka kuliko wote.

Nguo tisa zilikuwa zimekwenda mwalimu mkuu alipotoka bila koti, mikono kifuani.

"Shemsa, rudisha hivi ndani."

"Nimeshatoka kazini. Hapa ni barabarani."

"Hizo ni mali ya shule."

"Za shule?" Shemsa akashika koti dogo la waridi kwa vidole viwili. "Mwalimu gani analivaa hili?"

Watu walikuwa wanatazama, na mwalimu mkuu alijua. Alisema, polepole sana, kwamba akilazimika ataandika barua ya onyo, na barua hiyo itakaa kwenye faili. Akawaita wasaidizi wawili wakayaingiza makoti ndani kwa mikumbatio. Yalifungiwa stoo ya vifaa vya michezo, na alasiri Shemsa aliporudi kazini akakuta ufunguo wa stoo ile umechomolewa kwenye shada lake. Akadeki ujia wa viango vitupu. Alideki mara mbili, kwa hasira.

Alhamisi saa mbili na nusu alisimama tena palepale, na daftari peke yake.

Surinder akafungua dirisha la ofisi kidogo. "Mama Azizi, atakufuta huyu."

"Afute. Nguo kazifungia, mdomo ninao."

Akaanza kusoma. Bila makoti kazi ilikuwa safi zaidi, maana sasa hakuna aliyeona kitu, kila mtu alilazimika kukumbuka. Limeokotwa koti, karibu na bomba la maji, Jumanne. Imeokotwa sweta, chini ya benchi, siku ya picha. Watu walisimama wakakunja nyuso kama wako kwenye mtihani. Mmoja akasema mfukoni kuna tiketi ya basi imefuliwa. Mwingine akasema zipu inakwama katikati, lazima uitukane. Aliyepatia alipewa kikaratasi chenye namba ya kwenye daftari.

Magdalene alikuja akikimbia kutoka kituo cha basi, angali na sare ya nyumba ya wazee anakokesha. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, na bintiye alimfuata amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, wiki ya tatu sasa. Alikuwa amewahi kuja ofisini kuuliza, akaambiwa arudi saa tano.

"Mama, unasema manteau ya bleu?"

"Nimesema koti. Rangi sikuitaja."

"Ni ya bleu. Bouton ya tatu haifanane na zingine. Nilitoa kwa robe, gauni yangu ya zamani, ni ya kahawia."

Shemsa akapitisha kidole kwenye daftari. Namba kumi na tisa, kwa mkono wake mwenyewe: kifungo cha tatu si mwenzao, kahawia. Akaandika kikaratasi.

"Ni lako. Limefungiwa ndani. Nenda ofisini, na wakikwambia urudi saa tano, waambie umefika."

"Na wakikataa?"

"Kaa. Viti vipo, na nje baridi."

Magdalene akaingia. Wa pili akamfuata, wa tatu, na ilipofika saa tatu watu kumi na saba walikuwa wamejaa kwenye sebule ya ofisi na vikaratasi vyao, watoto wameng'ang'ania miguu yao, kengele imeshalia na hakuna anayeondoka. Hawakupiga kelele. Walisimama tu, wanatoa mvuke, na simu ya ofisi ilipolia wote wakaigeukia. Mwalimu mkuu akatoka, akawatazama, akatazama viatu vyao juu ya sakafu iliyodekiwa. Akamkabidhi Surinder ufunguo. Surinder alifungua stoo, akawa anaita namba kama mchezesha bahati nasibu, na Magdalene alipopewa koti alimvisha bintiye palepale, akafunga kifungo cha tatu kwanza.

Zilibaki nguo kumi na moja.

Ijumaa asubuhi Shemsa alitangaza zote kumi na moja, hakupata mtu. Alasiri watoto waliachiwa mapema na kofia zao za karatasi, na saa tisa na nusu gari la matambara likaegesha langoni. Mwalimu mkuu alikuja stoo na mifuko myeusi. Akamkuta Shemsa amesimama mlangoni, mgongo umegusa ubao, ndoo ya maji pembeni yake.

"Zilizobaki ni chache," mwalimu mkuu alisema. Alionekana amechoka, na sauti yake haikuwa mbaya. "Umeshinda sana wiki hii. Niachie hizi."

"Siwezi kukuachia. Si zangu."

"Hakuna anayezitaka."

"Hakuna aliyesikia bado. Wapo wagonjwa, wapo waliosafiri. Siku tatu si kutangaza."

"Nitakuomba mara moja tu, Shemsa. Sogea."

"Mimi ndiye niliyeziokota. Ziko shingoni mwangu. Ukitaka kuzipeleka, nipeleke na mimi kwenye mfuko."

Dereva alikuja hadi mlango wa ukumbi akauliza kwa sauti kama zipo au hazipo, maana ana shule nyingine tatu. Surinder, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kikombe cha chai mkononi, akajibu kabla ya wote.

"Hapa leo hakuna kitu. Pole, enda tu."

"Surinder," mwalimu mkuu alisema.

"Mimi ndiye nilimpigia simu akuje," Surinder alisema. "Si naweza kumwambia aende?"

Dereva hakungoja wakubaliane. Gari liliondoka. Mwalimu mkuu akaiweka mifuko juu ya benchi na kumwambia Shemsa kwamba barua ataipata.

"Nitaisoma," Shemsa alisema, akainua ndoo.

Barua ilifika nyumbani katikati ya likizo. Kurasa mbili, onyo la maandishi, na mstari wa kutia saini. Azizi, aliyekuja kumtazama mama yake, aliisoma amesimama jikoni, akasema kwa Kiingereza chake kwamba asaini tu, aombe radhi, yaishe, makoti ya watu yamemhusu nini.

"Baba yako angekuwa hai ungemuuliza hivyo?"

Azizi akakuna shingo. "Yeye angebeba kamba," akasema, mara hii kwa Kiswahili, na mama yake akashindwa kujizuia asicheke.

Alisaini. Chini ya saini aliongeza maneno mawili kwa mkono ulionyooka, akaikunja. Jumatatu ya kufungua shule, Januari, alimaliza kudeki, akaenda nayo mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Nje mvua ilikuwa inachanganyika na theluji.

Mwalimu mkuu alitazama ukurasa wa mwisho. "Hapa umeandika nini?"

"Nimesoma. Sikubali."

"Na maana yake nini hasa? Kwa kazi, namaanisha."

Shemsa alikuwa ameshafunga vifungo vya koti lake, na daftari liko kwapani.

"Maana yake saa mbili na nusu imefika," alisema, "na mimi nipo nje."