Madafu yangu yametukwamisha Ramisi

Jamani, leo nimeliharibu gari la mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Lile lenye kitanda na jiko ndani, alilolitengeneza binti yangu Mwanasha. Ndiyo, yeye mwenyewe! Nani mwengine kwetu Diani ana binti kama huyo?

Tulikuwa tunakwenda Kibuyuni nikalale na dada yangu. Kesho asubuhi anapelekwa hospitali ya Msambweni kupasuliwa.

Kufika Ramisi, maji ya rejeta yakachemka. Mwanasha akaenda kutafuta maji. Nikaona anachelewa, na madafu ya mgonjwa ninayo. Gari lilipopoa nikafungua rejeta, nikamimina maji ya madafu matatu.

Mwanasha akarudi na maji na fundi. Fundi akafungua, akanusa. "Mama, humu umepika nini?"

Mwanasha akanitolea kiti nikae kivulini. Hilo ndilo lililoniuma.

Rejeta lazima ishushwe yote isafishwe, hatuondoki leo. Na binti yangu siwezi kumwacha peke yake njiani. Nikampigia dada simu nalia.

"Nyamaza," akaniambia. "Kesho nikipita hapo nitashuka, nilione hilo gari unalotutambia."

Mgonjwa ndiye wa kujuliwa hali, jamani! Sasa yeye ndiye atakayekuja kunijulia mimi, kando ya barabara, na maumivu yake.

Muombeeni dua. Na mngekuwa nyinyi, mngempokea kwa uso gani?