Jina Langu Kwenye Shoku ya Mariam

Chekeni tu, lakini mkimaliza mniache nifike mwisho, maana aibu hii nimeibeba miaka sasa na sijaona siku ambayo imepungua uzito. Mimi Wafula, Mkenya wa Bungoma, fundi wa baiskeli hapa Katwe, Kampala, mtu ambaye wateja walikuwa wanatoka mpaka Nateete kunitafuta (walikuwa, nasema), nilimvunjia binti wa watu riziki yake kwa kipande cha bomba la maji. Na hicho kipande nilikuwa nimekigonga jina langu, herufi kubwa.

Mariam alikuwa jirani yangu, binti wa Kinubi, mpole lakini akipanda baiskeli huwezi kuamini ni yeye. Kuna mzungu aliyekuwa anarudi kwao akamwachia baiskeli ya milimani, zile ambazo nyuma zina shokabzoba kama pikipiki (sisi tunaiita shoku, basi), na Mariam akawa anaamka alfajiri kwenda kuiendesha kwenye miteremko kabla watu hawajaamka kumsema. Halafu kampuni moja ikatangaza inatafuta mtu wa kuongoza watalii kwa baiskeli, nafasi moja tu, kila mtu aje na baiskeli yake apimwe Jumapili kwenye mteremko wa udongo kule Old Kampala. Mama yake hakutaka kabisa kusikia habari hizo, lakini mwisho akamwambia, "Nenda. Ukipata kazi, mimi nanyamaza. Ukikosa, unauza hiyo kitu, unakuja kukaa na mimi kwa kibanda sokoni." Mariam akakubali. Alinihadithia mwenyewe huku anacheka, kwa sababu alijua atapata.

Alhamisi akaniletea baiskeli. "Kaka Wafula, nyuma inalia nikikanyaga. Kaza boliti tu. Shoku usiguse, yule mzungu aliipima na uzito yangu."

Nikakaza boliti za pale nyuma panapokunjika, nikafuta vumbi, nikatia grisi kidogo, kelele zikaisha. Kazi ya nusu saa. Ningeishia hapo leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Lakini nikaikalia. Sijui ni nini kilinituma, nilitaka tu kuonja kiti cha baiskeli ya mzungu, na mnauona mwili wangu ulivyo mzito, kiti kikashuka, nyuma yote ikazama chini yangu, nikashtuka nikasema banange, hii kitu ni mgonjwa na mwenyewe hajui!

Mnielewe. Sisi Katwe baiskeli tunayoijua ni ya mzigo. Mikungu ya matooke, magunia ya makaa, jerikani za maji, na ukiona baiskeli inazama nyuma ujue imechoka, ifungwe chuma. Nani angeniambia kwamba ile inatakiwa izame kidogo mtu akikaa, ili gurudumu lipate nafasi ya kupanda na kushuka likikuta jiwe au shimo, na mwili wa mtu utulie? Kulikuwa hata na kijipete cha mpira kwenye ufito wa shoku, kile chuma chembamba kinachoingia na kutoka, kazi yake ni kusogea kukuonyesha imezama kiasi gani ukikaa. Mimi nilikiona nikadhani ni takataka iliyobaki kiwandani, nikakitoa nikakitupa kwenye kopo la nati.

Kisha nikachukua bomba, nikalikata urefu wa ule ufito, nikalipasua katikati, nikauzungushia ufito vile vipande viwili, nikabana kwa klempu. Shoku ikafa kabisa. Nikaikalia tena, haikutikisika hata kidogo, na jirani yangu wa kuchomelea akaja akaipiga teke akasema, "Wafula, hii sasa inabeba hata ng'ombe." Nikafurahi! Kwa hiyo furaha nikatoa vyuma vyangu vya herufi, kwa sababu Katwe mtu akitengeneza kitu chake, jiko, geti, chochote, anakigonga jina ili mteja ajue pa kurudi, nikagonga kwenye bomba: WAFULA KATWE. Nikafunika na kipande cha tyubu kuzuia vumbi.

Sikumrudishia mapema. Nilitaka nimpelekee Jumapili pale pale mbele ya watu, waone kazi ya nani. Nikatoka kanisani na suti yangu, nikaisukuma baiskeli mpaka Old Kampala, nikakuta watu wamejaa, wa boda, majirani, mpaka mama yake amekuja, amejifunga gurbaba, lile vazi la Kinubi la sikukuu, amesimama kando. Mariam akapanda, akajaribu kuruka-ruka kwenye kiti, akanigeukia.

"Kaka Wafula, mbona imekuwa ngumu?"

Hapo bado kulikuwa na nafasi. Klempu mbili na bisibisi, dakika moja, basi. Lakini watu walikuwa wanasikiliza, na mimi nina suti, nikacheka kwa sauti nikasema, "Nyabo, huo ndio uzima wenyewe! Ilikuwa inaumwa, mimi nimeiponya." Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, aliniamini akashusha helmeti juu ya hijabu yake akaenda.

Alishuka vizuri pale juu. Chini walikuwa wamechimba ngazi tatu za udongo, na ya kwanza tu, gurudumu la nyuma badala ya kumeza lile pigo likalirudisha lote juu, likamrusha, nikamwona Mariam yuko hewani na baiskeli iko peke yake, akaangukia bega. Nilisikia ule mlio mpaka nilipokuwa nimesimama.

Sasa sikilizeni nilichofanya, halafu ndiyo mnicheke. Watu wanakimbia, mama yake analia, na mimi Wafula wa kanisani nikapaza sauti: "Amebana breki ya mbele! Baiskeli haina shida, huyu binti hajui kuendesha!" Nilisema mara mbili. Kwa woga, si kwa lingine.

Bwana wa kampuni aliyekuwa anapima waendeshaji akasogea. Akapiga goti kwenye baiskeli, akabonyeza kiti, akabonyeza tena kwa nguvu, akavua ile tyubu yangu. Akatazama. Kisha akasoma, polepole, kwa sauti, kama mwalimu anayesoma jina la mtoto mkaidi: "Wafula. Katwe." Akainua kichwa. "Wafula ni nani hapa?"

Wote walinigeukia. Halafu wa boda wakaanza kucheka. Mariam alikuwa chini, ameshika bega, hakucheka, hakulia, alinitazama tu, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Kazi akapewa mwingine. Bega lilipona vibaya, mkono ule hauinuki kupita kifua. Nilikwenda kuomba msamaha, mama yake akanipa chai, akanipa kiti, wakanijibu kila neno kwa adabu, na afadhali wangenitukana. Baiskeli aliiuza kama alivyoahidi, na lile bomba akalifungua, akalitia kwenye mfuko wa vifaa ulioenda na baiskeli.

Mwezi uliopita niko Nateete sokoni, nikaiona. Imebebeshwa matooke mpaka huwezi kuona kiti, na mwenyewe, mzee mmoja mcheshi, anaipigapiga shingoni. Kumbe ilikuwa inamzamia na mzigo, akakuta kile chuma changu kwenye mfuko, akakifunga mwenyewe. Mtu akaniita jina, yule mzee akageuka mbio. "Ssebo! Ni wewe Wafula Katwe? Umefanya kazi safi sana! Haizami hata kidogo!" Akanishika mkono mbele ya soko zima, hataki kuuachia.

Kibanda cha Mama Mariam kiko pale pale mbele. Mariam alikuwa anafunga mafungu ya sukuma wiki, ncha moja ya kamba mkononi, nyingine kwenye meno. Alisikia yote. Akatoa kamba mdomoni akasema, "Habari ya kazi, kaka Wafula," kisha akairudisha.

Vyuma vya herufi niliviuza. Kile kijipete cha mpira bado kiko kwenye kopo la nati, nikitafuta nati kinaingia kwenye vidole vyangu. Mtu akiniambia kaza boliti, nakaza boliti, nafuta mikono, nampa baiskeli yake. Siikalii.