Propela ya Gari la Meshack

Fundi Swedi wa Nkuhungu alikuwa mkali kwa jambo moja. Gari linalosukumwa na tairi zote nne likiharibika, halivutwi kabla ya kufungua propela, ile fimbo ndefu ya chuma iliyo chini yake. Miaka thelathini aliwafokea madereva: injini imezima, tairi zinazunguka, transfa, giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma, inazungushwa bila oili kupanda, vyuma vinalana humo ndani. Waliomcheka walirudi wamenywea.

Meshack, rafiki yake, hakumcheka. Pikapu yake kuukuu, nayo ya kusukumwa na tairi zote nne, ilibeba alizeti kutoka Haneti, na sasa ilimbeba yeye mwenyewe ndani ya jeneza, akirudishwa kwao kuzikwa. Swedi ndiye aliyeshika usukani. Zikiwa zimebaki kilometa ishirini, pampu ya dizeli ikafa.

Lori la waombolezaji lilikuwepo, na mnyororo pia. Swedi akatoa spana, akatandika gunia chini ya gari.

"Unakwenda wapi, fundi?" aliuliza Mzee Kefa, baba mkubwa wa marehemu.

"Nafungua propela, mzee. Dakika arobaini tu."

"Chini ya maiti? Katika ukoo wetu mtu halali chini ya maiti. Atakuwa amemwita maiti wa pili."

"Basi tulishushe jeneza kidogo."

"Likishatoka nyumbani halishushwi ila kaburini. Mchungaji anasubiri. Vuta."

Swedi akamtazama Paulina, mjane, aliyekaa nyuma na mkono juu ya kifuniko. Pikapu hiyo ndiyo urithi wote alioachiwa yeye na wanawe watatu. Dereva wa kuiendesha kubebea mizigo alikwisha kumpata. Swedi angeweza kubisha. Lakini nani abishane na wazee msibani, tena yeye Mwislamu wa mjini? Aliona haya. Akasukuma kijiti cha transfa hadi nyutro, pasipo na gia, huku akijua fika kuwa kimelegea na barabara mbaya hukirudisha kwenye gia, kisha akakishikilia kwa mkono wa kushoto.

Barabara ilikuwa mbaya. Mara mbili kijiti kilimponyoka akihangaika na usukani, akakirudisha. Mara ya tatu kilikataa. Akapiga honi, ikamezwa na nyimbo za waombolezaji kule mbele. Angekanyaga breki, akaogopa mnyororo usije ukakatika na jeneza likaruka. Chini ya miguu yake akasikia mlio kama wa mahindi makavu kwenye kinu, halafu harufu ya oili iliyoungua.

Meshack alizikwa kwa wakati. Wazee wakamshukuru Swedi, wakampa kiti karibu na mchungaji, lakini hakugusa ugali.

Sasa gari lilikuwa tupu, mwiko umekwisha. Akatandika gunia lake, akaingia chini. Alipofungua nati ya oili ya transfa, kilichodondoka kilikuwa cheusi, kimejaa vipande vya chuma vinavyong'aa. Akalia hukohuko chini, kimyakimya, kisha akaanza kulegeza nati za propela kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Miguu ya Paulina ikasimama kando ya tairi.

"Shemeji, unafungua nini?"

"Propela."

Miaka yote ya ndoa yake Paulina alimsikia mumewe akimwiga Swedi wakati wa chakula, neno kwa neno.

"Meshack alikuwa akisema hufunguliwa kabla," alisema.