Mafungu ya Meza ya Pili

Muuza nyanya hupanga mafungu yake kama anayejenga nyumba: tatu chini, moja juu, na ile ya juu huifuta kwa upindo wa gauni mpaka ing'ae. Mteja akisema, "Niongezee, mama," huguna kwanza, kisha huongeza kanyanya kamoja kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Yeye na jirani wa meza ya pili hawasemeshani tangu walipogombania kivuli. Leo jirani yuko hospitali na mtoto, na nyanya za tenga lake zimeanza kulegea. Zisipouzwa leo, kesho ni za jalalani. Muuza nyanya alizitazama kwa jicho la pembeni asubuhi nzima. Adhuhuri akafunika zake kwa gunia, akahamia meza ya pili, akapanga mafungu manono na kupaza sauti: "Njooni, wanangu, mchuzi haujipiki!" Jioni binti wa jirani akaja mbio, akakuta tenga tupu na pesa zimefungwa kwenye kitambaa.

"Shangazi, umeziuza wewe?"

"Mwambie mama yako nzi wake walishaanza kuhamia kwangu."