Fundi Cherehani wa Benchi la Nyuma

Fundi cherehani huketi benchi la nyuma, karibu na dirisha lisilofungika, na katibu wa kanisa hambandui macho. Tangu usharika uanze kumwomba Mungu awaonyeshe njia, wabaki kwenye jengo hili bovu au wajiunge na wenzao wa upande wa pili wa mji, mama huyo fundi hufika kabla ya wote. Huvua viatu, akavipanga kisigino kwa kisigino, kisha hufumba macho na vidole vyake huanza kubana pindo la gauni, kidogo kidogo, kama anayekagua mshono. Sauti yake ni ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea huku amebana pini midomoni. Akiingia, hata watoto hunyamaza. Katibu akiingia, wala hawana habari.

Jumapili hii katibu aliomba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaambulia amina mbili, moja ya mkewe. Mchungaji akageukia nyuma.

"Mama, wewe umesikia nini?"

"Bado, Baba Mchungaji. Sijasikia kitu. Tungoje."

Kanisa zima likaitikia amina, mabati yakatetemeka. Kwa neno "bado" tu! Wivu ukampanda katibu. Walipoinamisha vichwa tena, naye akainamisha chake, akamsihi Mungu aseme upesi, ila asianze na yule. Alipofumbua macho, alikuta vidole vyake vimebana pindo la koti, kidogo kidogo.