Koti Langu Lilipofika Bandung

Jambo lote lilinigharimu asubuhi nne za kuchota maji, koti moja la jinzi, na usingizi ambao sijaurudisha wote hadi leo. Maji niliyachota mto Migori nikayapeleka kwenye kibanda cha Mama Zuhura, aliyeuza mitumba sokoni. Robota jipya likifunguliwa pale lilitoa harufu ya dawa ya nondo na vumbi la nchi za watu, na mimi, mwenye miaka kumi na mitatu, niliiona hiyo kuwa ndiyo harufu ya ukubwa. Kwa koti la jinzi Mama Zuhura alitaka nichote asubuhi sita. Nilimwonyesha kifungo kilichokosekana, nikamwonyesha doa la kwapani, nikashuka hadi tatu, tukakutana kwenye nne. Kila debe nililihesabu mara mbili asije akaniongezea la sadaka. Kumbe nilikuwa namchotea Achieng.

Achieng alikuwa jirani yetu, na darasani tulikaa dawati moja. Miaka hiyo ya tisini wasichana wa shule yetu walishikwa na homa ya marafiki wa kalamu: unachukua jina nyuma ya gazeti la vijana, unaandika kwa Kiingereza chako cha kuunga, unangoja. Wengine walipata watu wa Kisumu au Arusha. Achieng alimpata Yanti, msichana wa Bandung, Indonesia. Tulipofungua ramani nilijaribu kuhesabu visiwa vya kwao, nikarudia, nikapata majibu mawili tofauti, nikafunga kitabu kwa hasira. Yanti aliomba picha, na jioni hiyo hiyo Achieng akaja kwetu.

"Akinyi, nipatie hilo koti. Jumamosi naenda kwa shangazi Homa Bay, huko kuna studio."

"Utarudisha lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ya wiki gani?"

"Wee Akinyi! Kwani ulizaliwa sokoni?"

Nilimpa. Alipigwa picha mbele ya pazia lililochorwa maghorofa, mkono mmoja ndani ya mfuko wangu. Baada ya miezi miwili jibu likaja na picha ya wasichana wanne wamesimama nje ya duka. Mmoja alivaa kitambaa kichwani na suruali pana ya kufagia barabara, mwingine alikata nywele kama mvulana na kufunga shati kiunoni, wa tatu alining'iniza vyombo vya kusikilizia kaseti shingoni. Wa nne, mwenye kucheka, alikuwa Yanti. Aliandika kwamba Jumamosi mchana wao hutembea madukani bila kununua kitu, ili waonekane tu, na hubadilishana kaseti walizonasia nyimbo za redioni. Achieng alitusomea chini ya dirisha la darasa la saba, wasichana wamemzunguka kama nyuki. Alipofika mahali Yanti alipoandika, "Koti lako ni zuri, hapa Bandung kila mtu angelitaka," alikunja karatasi. Hakusema koti ni la nani. Nilingoja aseme. Nilingoja hadi kengele ikalia.

Tangu siku hiyo Migori ikawa na Bandung yake. Mashati yalifungwa viunoni, wasichana wawili walinyoa wakachapwa na mama zao, na kila Jumamosi tulitembea kutoka sokoni hadi darajani na kurudi, bila kununua hata karanga. Achieng alitangulia, koti langu bado mwilini mwake. Nilihesabu nyuso zilizomgeukia wakati wa kwenda: kumi na moja. Wakati wa kurudi nikarudia: kumi na nne. Mimi niligeukiwa na mbuzi, na nadhani naye alikuwa anatazama muhogo nyuma yangu.

Shule ilikuwa na sanduku moja la posta. Kila Ijumaa kwenye paredi karani alisoma majina ya walioandikiwa, na kama mwenye barua hayupo, jirani yake wa nyumbani aliinua mkono akakabidhiwa. Hakuna aliyewahi kuulizwa kama alifikisha. Ijumaa moja Achieng alikuwa Homa Bay akimlelea shangazi yake mtoto mchanga. Jina lake likasomwa. Mkono wangu ukainuka kabla yangu.

Nilikusudia kuikalia wiki moja tu, naye aonje kungoja. Kisha nikaifungua. Yanti aliandika kwamba familia yao inahamia mji mwingine, na anwani mpya ni hii hapa chini. "Usiponiandikia huku," alimalizia, "nitajua umenichoka." Nilichukua kalamu nimwandikie mimi. Nikaanza: "Mimi ndiye mwenye koti." Nilikaa na sentensi hiyo mchana mzima, na sikupata ya pili. Achieng aliporudi aliuliza, "Hakuna kitu changu?" Nikasema hakuna. Aliandika mara tatu kwa anwani ya zamani, na mara zote tatu nilimsindikiza hadi posta, nikamsaidia hata kulamba stempu. Muhula mzima alisimama mstari wa mbele kwenye paredi, shingo mbele. Siku moja akarudi nyuma, karibu nami, na hakusogea tena.

Leo binti yangu huwatazama vijana wa Jakarta, huko huko Indonesia, kwenye simu, anajua ngoma zao, viatu vyao na jinsi wanavyotia pilipili kwenye tambi. Akiwaandikia asubuhi, wanamjibu chai haijapoa, na hakuna jirani wa kuinua mkono. Namwonea wivu yeye pia. Ugonjwa huu haujui umri. Achieng ana duka la ushonaji Homa Bay, na bado ni rafiki yangu kuliko wote. Mwezi uliopita binti yangu alimwonyesha wale vijana. Achieng aliitazama simu, akatabasamu, akasema, "Hawa nilikuwa na mtu wao. Sijui nilimkosea nini."

Barua ninayo, na anwani bado inasomeka. Jumamosi hii naenda kwake. Ninyi mnaosoma, mliowahi kuiba kitu kisichouzika, nishaurini: nimpe akiwa peke yake, au mbele ya binti yangu, ili nisipate nafasi ya kupunguza maneno?